Bado Wanajadili Nani Atalipa

Mama mkwe alianza kutapika kabla chai haijachemka. Kipaza alikuwa nje, amepanda juu ya gari la matangazo, anakaza nati za spika mbili alizozifunga moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, kama watu walionuniana. Sauti ya kutapika ilipotoka dirishani alidhani ni kwa jirani. Iliposikika mara ya pili, alishuka na spana yake mkononi.

Mkewe, ambaye alikuwa msusi na siku hiyo alikuwa na mteja wa mapema, alikuwa amepiga magoti ameshika beseni. Mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda, amejikunja kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Ni tumbo tu," alisema alipomwona Kipaza mlangoni, akavuta kitenge kujifunika vizuri. "Wewe nenda kazini, baba. Watu wanakungoja."

Alimwita baba tangu alipomwoa binti yake. Miaka yote waliyokaa nyumba moja aliongea naye kwa heshima ya mbali, macho yakiwa sakafuni. Akitaka chumvi iliyo mbele ya mkwewe, alimwambia binti yake amwombe mumewe asogeze chumvi. Kipaza naye hakuwahi kuingia chumba kile cha ndani bila kukohoa kwanza. Hata sasa alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Hebu tupishe kidogo," mkewe alimwambia. "Nimbadilishe nguo."

Alipotoka chumbani baada ya muda uso wake ulikuwa umebadilika. Alimshika mumewe mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, penye pipa la maji.

"Mama ana kitu."

"Kitu gani?"

"Kimevimba. Kama ngumi hivi."

"Wapi?"

Mkewe alimtazama kana kwamba amesema neno la matusi. "Huku," alisema, bila kuonyesha huku ni wapi. "Chini ya tumbo. Pembeni. Wewe elewa tu."

Kipaza akaelewa, akayatazama maji ya pipani.

"Tangu lini?"

"Zamani. Kilikuwa kikitoka akisimama, akilala kinarudi ndani. Jana kilitoka hakikurudi. Kimekuwa kigumu, hataki hata nikiguse."

"Zamani, na hakusema?"

"Alikuwa anakusubiri wewe."

"Mimi?"

"Si wewe unayepita kila siku unatangaza matibabu bure kwa wote? Amesema hakuona sababu ya kukutia gharama kwa kitu ambacho wewe mwenyewe umesema kinakuja bure. Kila ulipopita hapo barabarani alikuwa anazima redio akusikilize." Mkewe alifuta macho kwa kiwiko, mikono ilikuwa na sabuni. "Tena ameniapisha. Mkwe wangu asijue kiko wapi, mwambie ni tumbo. Kwa hiyo wewe ukiingia mle, ni tumbo. Umenielewa?"

Kipaza alikuwa mtu wa maneno. Sauti yake ilijulikana mitaa yote. Watoto waliiiga wakicheza, na wauza duka walipunguza redio alipopita. Lakini asubuhi ile aliitikia kwa kichwa tu, akaiacha spana juu ya pipa. Alikohoa mlangoni, akaingia.

"Mama, nasikia tumbo linasumbua."

"Tumbo tu, baba."

"Twende hospitali."

Mama mkwe aliinua uso kidogo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Ya bure imeanza?"

Kipaza akamtazama mkewe. Mkewe akatazama beseni.

"Twende tukaulize," alisema.

*

Walikwenda na gari lile lile, spika juu, picha ya Mheshimiwa, mgombea aliyekuwa akimtangazia, ikitabasamu mlangoni. Mlinzi wa getini alipoliona alifungua geti lote, akapiga saluti.

"Mheshimiwa yuko ndani?"

"Hapana. Ni mgonjwa."

Mlinzi alishusha mkono polepole, kama mtu aliyetoa salamu akakuta si mwenyewe. "Basi egesheni kule nje."

Daktari alikuwa dada kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alimpima mama mkwe nyuma ya pazia, kisha akatoka, akawaita pembeni.

"Ni ngiri. Ipo hapa kinenani, upande wa..."

Mkewe Kipaza alikohoa kwa nguvu. Kipaza akageukia ukuta, akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono kwa bidii kama atafanyiwa mtihani.

Daktari aliwatazama wote wawili, akaendelea kwa sauti ya chini. "Utumbo umetoka ukabanwa, sasa damu haifiki. Kama angekuja mapema ingekuwa kazi ndogo, angerudi nyumbani anatembea. Kwa nini mmekaa naye muda wote huu?"

Kipaza alirudi kwenye tangazo lake.

"Lazima apasuliwe leo hii, mapema iwezekanavyo. Utumbo ukishaoza, sitawadanganya, kwa umri wake simpi matumaini. Mimi nakwenda kuandaa chumba. Nyinyi nendeni dirishani, mkimaliza mniletee karatasi."

Dirisha la malipo lilikuwa na foleni iliyojipinda hadi kwenye mabenchi. Watu walimpisha Kipaza aliposema mgonjwa wake anapasuliwa; katika foleni ya hospitali watu wana huruma hiyo. Karani alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Kadi ya mwanachama wa bima anayo?"

"Hana."

"Basi mtaweka amana." Akataja kiasi. Kipaza alishika nondo za dirisha.

"Lakini dada, si kuna ile ya matibabu kwa wote?"

Kalamu ya karani ikasimama. Akainua kichwa taratibu, akamwangalia, akaliangalia dirisha zima kama anatafuta redio.

"Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo neno. Kwa wote."

Kipaza alijaribu kuficha uso, lakini alikuwa amechelewa. Nyuma yake mtu alishasema, "Ndiye! Ndiye yule wa kwenye gari!" Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Bwana Bure kwa Wote!" aliita kijana mmoja aliyefungwa mkono kwa bandeji. "Kumbe na wewe unapanga foleni? Tuonyeshe dirisha lako basi, tuhamie huko."

Watu wakacheka. Hata mama mmoja aliyekuwa analia akijishika shavu alicheka, kisha akajishika shavu tena.

"Msimcheke, muulizeni," alisema mzee mmoja kutoka benchini. "Muulizeni hiyo bure analipa nani. Mimi nimeuliza mkutanoni nikaambiwa niache siasa."

"Serikali."

"Serikali inapata wapi?"

"Kwani hujui wana mashine ya kuchapa?"

"Watalipa matajiri."

"Tajiri gani unayemjua wewe analipa kitu? Mimi wangu hajanilipa mshahara."

Kicheko kikazidi. Kipaza alisimama pale, masikio yamepata moto. Alikuwa amezoea kuzungukwa na watu, lakini siku zote alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na wao wako nje.

Karani hakucheka. Alisogeza uso karibu na nondo. "Kaka, mimi nasikia redioni kama wewe. Tena nakusikia wewe. Kila ukipita, kesho yake wanakuja watu hapa mikono mitupu, nawarudisha, wananitukana mimi. Bado wanajadili nani atalipa. Wakimaliza kujadili wataleta waraka, nitaubandika hapa. Hadi siku hiyo, dirisha ndilo hili."

*

Nyumba ya kampeni ilikuwa na uzio mpya na harufu ya rangi. Vijana walikuwa barazani wanakunja fulana. Kipaza aliwapita bila kusalimia, na hilo peke yake liliwashangaza.

Njiani alikuwa amewaza jambo ambalo halikuwahi kumjia. Siku moja asubuhi yeye na Mheshimiwa waliwahi kwenda kiwandani. Mheshimiwa alisimama juu ya kreti, akawaambia wafanyakazi kuwa matibabu yatalipiwa na mwajiri, na mwajiri asiyetaka afunge kiwanda aende. Watu walipiga makofi hadi mabati yakaitikia. Jioni ya siku ile ile walikuwa ukumbini na wenye viwanda wenyewe, wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa, na Mheshimiwa akawatuliza: wasiwe na hofu, mfanyakazi ndiye atakayekatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake. Nao walipiga makofi, ya vidole. Sokoni je? Sokoni aliwaambia akina mama hawatatoa hata senti.

Kote huko Kipaza alikuwepo. Yeye ndiye aliyefunga waya, yeye ndiye aliyeshusha sauti makofi yalipozidi. Masikio yake yalikuwa kazini tu: yalisikiliza kama spika inakoroma, kama mtu wa nyuma anasikia. Hayakuwahi kusikiliza kilichokuwa kinasemwa.

Katibu wa kampeni, mtu mwembamba mwenye simu mbili, alimzuia mlangoni. "Gari liko wapi? Leo ni upande wa stendi, umesahau?"

"Nina mgonjwa. Nataka kumwona Mheshimiwa."

"Kila mtu ana mgonjwa."

"Mwache apite," Mheshimiwa alisema kutoka ndani. Alikuwa amevua viatu, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa amesimama kwenye mikutano minne siku iliyopita. Alimsikiliza Kipaza hadi mwisho bila kumkatiza, akasikitika kwa dhati, akauliza mgonjwa anakula, akauliza ana umri gani.

"Mama yangu alikufa hivyo hivyo," alisema. "Tukisubiri."

"Mheshimiwa, naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Ile ya bure. Atalipa nani?"

Katibu akaguna. Mheshimiwa alitoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha.

"Wewe ni mtu wangu, nitakwambia. Atalipa kila mtu. Wewe utalipa, mimi nitalipa, yule muuza maji pale nje atalipa, mzima amlipie mgonjwa, zamu yake ikifika alipiwe na yeye. Hakuna mwingine wa kulipa, duniani kote hakuna. Na ni jambo zuri, naliamini, sitanii. Lakini nenda kasimame sokoni useme hivyo. Sema, akina mama, nawaletea jambo zuri, kila mwezi mtatoa kitu. Mwenzangu wa upande wa pili yuko mtaa wa pili anasema bure. Nani atapigiwa kura?"

"Lakini watu wanasubiri, Mheshimiwa. Wanakaa na magonjwa nyumbani wanasubiri."

"Najua."

"Unajua?"

"Ndiyo maana nataka nishinde, nifanye haraka." Akajifuta uso kwa taulo. "Yule mama yako hatakufa. Nitalipa mimi, mfukoni mwangu. Katibu, panga."

Kipaza alitaka kupiga magoti kabisa, na pengine angepiga, kama katibu hangeanza kupanga.

"Mpiga picha aende sasa hivi," katibu alisema, akibonyeza simu. "Apige akiingizwa na akitoka. Kesho Mheshimiwa amtembelee kitandani. Na wewe Kipaza, leo hii uanze kupita nayo. Ni nini anaumwa? Ngiri? Ya wapi?"

"Tumbo," Kipaza alisema.

"Ngiri haiwi tumbo tu. Ya kinena? Ndiyo, ile inayowatesa wengi, kila mtu atatega sikio. Andika: mama mkwe wangu mwenyewe, ngiri ya kinena, alikuwa anakata roho, Mheshimiwa akamwokoa. Kwa sauti yako wewe! Hakuna atakayebisha."

"Katibu, ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo vizuri zaidi!"

"Haiwezekani tukasema tu mama mmoja? Bila kusema nani, bila kusema anaumwa wapi?"

"Mama mmoja ni nani? Mama mmoja hana uso. Watu wanataka mtu wanayemjua."

Kipaza akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa amerudi kuangalia miguu yake. "Ni maneno tu," alisema kwa upole. "Yatapita. Uhai ndio haurudi. Fikiria, ndugu yangu, usikae sana."

Alitoka barazani kufikiria. Alimwona mama mkwe akirudi nyumbani na kidonda chake kibichi, akisikia kutoka barabarani sauti ya mkwewe, ile aliyozima redio kuisikiliza, ikimtajia mtaa mzima mahali ambapo hata binti yake mwenyewe alimwonyesha huku amefumba macho. Mama yule angelala kitandani ageukie ukuta, asiinuke tena. Alimjua. Alimwona pia akiwa amefunikwa shuka hadi kichwani. Picha hizi mbili zilimjia zikagongana, na hakuna iliyoondoka.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Daktari anauliza karatasi. Mama ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Umepata?"

Kipaza aliangalia gari lililokuwa limeegeshwa kwenye jua. Gari lenyewe lilikuwa la kukodi, la mtu. Lakini spika, mashine ya kukuza sauti, betri na waya zote zilikuwa zake. Alikuwa amezinunua kipande kimoja kimoja kwa kupiga debe minadani tangu akiwa hajaoa, na kila kimoja alikijua kwa tabia yake kama watoto.

"Waambie waanze kumwandaa," alisema. "Nakuja nayo."

*

Fundi redio alitoka kibandani kwake, akapanda juu ya gari, akazifuta spika kwa kitambaa, akagonga moja kwa kucha, akasikiliza.

"Hizi siyo za kuuza," alisema. "Una akili sawasawa? Msimu huu wa uchaguzi? Mwenye spika ndiye mwenye kula."

"Unanunua au hununui?"

"Nanunua leo, kesho nawauzia wale wa upande wa pili, wanahangaika. Wewe utashika nini?"

"Hilo niachie."

Fundi alitaka kubembeleza bei ishuke, ndiyo kazi yake, lakini alipomtazama usoni aliacha. Alitoa kile kilichotakiwa hospitali na cha juu kidogo. Kisha wakashusha pamoja. Paa la gari likabaki na alama nne zinazong'aa, mahali ambapo rangi haikupata jua.

"Nijaribu moja?" fundi aliuliza, akishika kipaza sauti.

"Subiri niondoke kwanza," alisema Kipaza.

*

Mama mkwe alitolewa chumba cha upasuaji jua likiwa limeshuka. Daktari alisema walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshaanza kuwa cheusi, utumbo uliobaki ni mzima. Alisema wamefika ukingoni kabisa. Mkewe Kipaza alikaa chini sakafuni pale pale koridoni akalia kwa sauti, muuguzi akampita akisema, "Dada, pona yake ndiyo unaililia?"

Alipozinduka vizuri, siku ya pili yake, mama mkwe alimwita binti yake kwa kidole. Kipaza alikuwa amesimama upande wa miguuni, mbali, kama ilivyompasa.

"Mwulize baba," mama mkwe alinong'ona. "Pesa imekwenda nyingi?"

Mkewe akageuka. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa ameliona gari. Walitazamana, na Kipaza akaona mkewe anamwachia yeye.

"Ni bure, mama," alisema. "Imeanza."

Mama mkwe akafumba macho. Uso wake ukalainika, ukawa mdogo kama wa mtoto aliyeshiba. "Nilijua," alisema. "Nilimwambia mwanangu. Nilisema mkwe wangu hawezi kusimama barabarani mchana kweupe akasema uongo."

Kipaza akasema anakwenda kununua maji. Alikaa nje muda mrefu, akarudi bila maji.

*

Nyumbani mama mkwe alilazwa sebuleni ili wageni wamfikie. Walikuja kwa makundi, wakakaa mkekani. Kwa wote aliwaeleza kuwa lilikuwa tumbo, tumbo baya la kujisokota, na kwamba hakutoa hata senti. Alisema hivyo kwa fahari, akipiga mkono wake mmoja juu ya mwingine. Wageni waliguna kwa mshangao. Wengine walikuwa wamekwenda dirishani wakarudishwa. Sasa walianza kusema labda walikwenda siku mbaya.

Kipaza alisema amepumzishwa. Aliondoka asubuhi kama aendaye kazini, akaenda kupakua mizigo kwenye maghala, akarudi jioni na vumbi alilojikung'uta kabla ya kuingia. Siku moja gari la upande wa pili lilipita barabarani likitangaza kuwa matibabu yatalipwa na matajiri peke yao. Alizijua spika zake papo hapo. Ile ya nyuma ilikuwa na tabia ya kukwaruza kwenye maneno marefu. Mkewe aliinuka akafunga dirisha.

"Sauti gani hiyo? Siyo yako," alisema mama mkwe.

"Ni mwingine, mama."

"Hajui kazi. Anapiga kelele tu."

Jioni ya Jumapili, wageni walipokwisha, alikuja muuza mkaa, mwanamke mrefu mkimya waliyechota naye maji bomba moja. Alinawa mikono, akakaa, akampa mama mkwe pole. Aliangalia mlango mara mbili, kisha akamgeukia Kipaza.

"Shemeji, nilikuwa nakutaka wewe. Nimesikia habari ya mama hapa, moyo wangu umetulia. Mimi nina... nina uvimbe." Mkono wake ukapanda kifuani upande wa kushoto, ukafunika, ukabaki pale. "Daktari alisema nirudi haraka wakate kipande kikapimwe. Kaka zangu walikuwa wamenichangia. Sasa nilivyosikia kwa mama kuwa imeanza, nimewaambia wasihangaike. Ile hela tumenunua mabati, nyumba ilikuwa inavuja. Nilitaka kuuliza tu, hii ya bure, kwa mtaa wetu zamu ni lini? Nisubiri, au kuna dirisha lingine?"

Alikuwa akiuliza bila haraka, kama mtu anayeuliza saa ya basi. Mama mkwe alimwangalia mkwewe akingoja jibu kwa furaha.

Mkewe, aliyekuwa anapepea moto wa mkaa mlangoni, akaacha kupepea.

"Usisubiri, shemeji," alisema Kipaza. Ile sauti iliyokuwa ikifika mitaa mitatu ilitoka ndogo kiasi kwamba muuza mkaa aliinama kumsikia. "Haijaanza."

"Lakini mama..."

"Nililipa mimi."

Mama mkwe alijiinua kwa kiwiko, akaguna kwa maumivu, binti yake akamkimbilia, naye akamsukuma kwa mkono.

"Ulilipa na nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza kitu moja kwa moja, uso kwa uso, bila kupitia kwa mtu.

"Spika," alisema Kipaza. "Na mashine."

"Zile zako?"

"Zile."

"Kwa hiyo huendi kutangaza."

"Siendi, mama. Napakua mizigo."

Mama mkwe alichukua pembe ya kitenge akaibana mdomoni. Kipaza alidhani atamlaumu kwa uongo, nao ulikuwa mkubwa, na sasa ulikuwa umevuka ukuta wa nyumba yake ukamfikia mwanamke mwenye uvimbe kifuani. Alikuwa tayari kulaumiwa. Lakini mama mkwe alipoachia kitenge hakumgeukia yeye. Alimgeukia muuza mkaa.

"Mwanangu, hilo lako liko kwenye ziwa?"

Muuza mkaa akaitikia kwa kichwa, akiwa amemgeuzia Kipaza bega.

"Langu halikuwa tumbo," alisema mama mkwe. "Nimewadanganya wote. Langu lilikuwa kinenani. Hapa."

Akaweka kiganja mahali penyewe, juu ya kitenge, akakiacha hapo, na hakutazama sakafuni. Binti yake alisema, "Mama!" lakini hakunyamaza.

"Niliona haya. Na niliona niwasubiri hao watu wamalize kupanga. Nikawa nalala nalo, naamka nalo, nalirudisha ndani kwa mkono wangu kama unavyorudisha unga gunia linapopasuka. Likanioza. Kama si huyu, mngekuwa mmeshanizika, na bado wangekuwa wanapanga. Wewe una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Nyumba ivuje. Kaka zako wako wapi sasa hivi?"

"Mmoja yuko juu ya paa. Anagongelea."

"Mwambieni ashuke. Bati ambalo halijatobolewa dukani wanalipokea."

Kipaza alikuwa ameinama zamani, anatafuta kiatu alichokuwa amekivaa. Alikohoa, akatoka nje. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na nyundo ilisikika kutoka upande wa bomba, pigo moja moja, bati likiitikia. Akaifuata ile sauti mbio, na alipofika chini ya nyumba ile akaweka mikono miwili kinywani, akapaza sauti yake yote.

"Kaka! Acha hapo hapo! Hayo yaliyobaki usiyatoboe!"